Jumapili Isiyokwisha ya Jaji Stannard

Kila asubuhi saa moja, nyumbani kwa Jaji Eliphalet Stannard katika mji wa Haddow, mambo matatu yalifanyika kwa pamoja. Jaji alikaa karibu na meko, shuka limefungwa shingoni. Zilpah, mtumwa wake, alimnyoa. Naye Thankful, binti wa Jaji, aliishusha almanaka kutoka kwenye msumari ilikoning'inia kwa uzi, akamsomea baba yake tarehe, siku, hali ya mwezi na hali ya hewa. Macho ya Jaji yalikuwa mazima. Alisema tu kwamba mtu aliyeisomea nchi sheria kwa miaka arobaini anastahili naye kusomewa siku.

Asubuhi ambayo Februari ya mwaka 1809 ilikuwa imekwisha na Machi ilitakiwa kuanza, Zilpah alikuwa amemaliza shavu la kulia na anashuka kooni. Thankful alifunua ukurasa ili asome tarehe mosi Machi. Ukurasa wa Machi haukufunuka. Chini ya Februari, baada ya Jumanne ya tarehe ishirini na nane, palikuwa na mstari ambao jana haukuwapo, umechapwa kwa wino uleule na herufi zilezile za mchapaji.

"Soma, mwanangu," Jaji akasema.

"Ishirini na tisa Februari," Thankful akasoma. "Jumapili. Theluji nzito."

"Mwaka huu Februari haina ishirini na tisa," Zilpah akasema. Mkono wake ulikuwa umesimama, na wembe ulikuwa bado kooni.

"Almanaka imesemaje, Thankful?"

"Imesema Jumapili, Baba."

"Basi ondoa wembe, Zilpah. Siku ya Bwana hatunyoi."

Zilpah akaufuta wembe, akaukunja. Jaji akainuka na shavu moja laini na jingine lina povu, akaenda kuvaa koti lake jeusi la ibada. Nje theluji ilikuwa imeanza.

Ilianguka ndani ya ua wa Jaji tu. Nje ya geti ilikuwa Jumatano, mosi Machi, barabara ina tope, na mke wa fundi viatu alikuwa akianika nguo. Aliitazama theluji kidogo, akazisogeza nguo zake mbali na uzio, akaendelea kuanika. Kesho yake mjini ilikuwa Alhamisi. Nyumbani kwa Jaji, Thankful alishusha almanaka na kukuta ishirini na tisa Februari, Jumapili, theluji nzito. Ikawa hivyo kesho kutwa, na wiki iliyofuata.

Thankful alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa mtu wa kuongea kwa sauti ya chini hata akiwa peke yake. Alipousoma mstari ule kwa mara ya kwanza, aliurudia kimoyomoyo kabla ya kuirudisha almanaka kwenye msumari. Tarehe hiyo aliijua. Alikuwa ameiona imeandikwa mara moja tu kabla ya hapo, kwa mwandiko wa baba yake.

Miaka ishirini na mitano nyuma, Bunge la Connecticut lilitunga sheria kwamba mtoto yeyote wa mtumwa atakayezaliwa baada ya siku ya kwanza ya Machi mwaka 1784 atakuwa huru akifikisha miaka ishirini na mitano. Atakayezaliwa kabla ya hapo atabaki alivyo. Jaji Stannard aliitetea sheria hiyo kwa hotuba ya saa mbili, na hotuba ilipendwa hata ikapigwa chapa. Majira hayohayo, jikoni kwake, mtumwa wake Violet alijifungua mtoto wa kike. Kwa kuwa watoto wa watumwa hawakuandikwa katika kitabu cha mji, aliyekuwa na kazi ya kuandika ni bwana wao. Jaji akafungua Biblia ya familia, ukurasa wa mwisho, chini ya majina ya watoto wake mwenyewe, akaandika: *Zilpah, wa Violet, 29 Februari 1784.*

Thankful alikuwa na miaka tisa. Usiku ule mkunga alimpa mshumaa aushike, kwa sababu wanawake wengine walikuwa wameshika mambo mengine. Baadaye walimpa kipande cha keki ya uchungu, ile inayookwa mama anapoanza kuumwa, na akaila amekaa juu ya gogo karibu na meko. Ilikuwa Jumatano, tarehe tatu Machi. Aliijua siku kwa sababu Jumatano ndiyo aliyokuwa akipelekwa kwa mwalimu wa kushona, na siku hiyo hakupelekwa.

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Naye hakuwahi kusema.

Nyumba ya Jaji ikajifunza kuishi ndani ya Jumapili. Siku hiyo watu wa Haddow hawapiki, hawafagii, hawatandiki vitanda, hawasafiri, na hawabusiani hadharani. Wanakula maharagwe yaliyookwa Jumamosi, ya baridi. Lakini Jumamosi haikuwa ikifika tena ndani ya ua, kwa hiyo maharagwe yalilazimika kuokwa kwa mke wa fundi viatu na kupokelewa getini. Aliyeyapokea ni Zilpah. Kuhusu kazi za Zilpah, Jaji alitafakari asubuhi moja akaamua kwamba kubeba chungu ni kazi ya lazima na ya huruma, na sheria ya Sabato inairuhusu.

Ndevu za Jaji ziliota. Upande wa kushoto, ambao haukunyolewa, zilitangulia kwa siku moja, na alipojitazama kwenye kioo alisema tofauti haionekani. Barua alizoandika kwa wakubwa wa serikali huko Hartford zilirudi, kwa sababu karani wa huko hakuwa na mahali pa kuingiza tarehe ile. Mwezi wa Aprili watu wa mji walianza kuja na ndoo. Walichota theluji getini ili wahifadhi siagi, wakamshukuru Jaji, naye akawainulia kofia.

Kila jioni, jua likiwa bado lipo upande wa barabara, alikuja Sharper. Sharper Lathrop alikuwa mume wa Zilpah, mtu huru, msokotaji kamba. Alisimama nje na shati jepesi. Zilpah alisimama ndani na shali mbili.

"Mke wangu ana pua nyekundu," Sharper alisema. "Mimi jana nilikula njegere mbichi za shambani. Tamu hizo!"

"Kula tu. Utazitapika."

"Ungekuwa upande huu ungekula na wewe."

"Sharper, usinianze."

"Hatua moja, mama. Inua mguu, weka hapa. Geti lenyewe halina hata kufuli."

"Halafu? Kesho jina langu liko gazetini, mwanamke mweusi, mrefu, kovu kidevuni, ametoroka. Na wewe jela kwa kunificha. Mimi siibi kilicho changu. Miaka yangu imetimia tangu tarehe tatu. Nataka karatasi."

Sharper alikuna shingo. Alikuwa amepata kazi katika mji wa Providence, katika karakana kubwa ya kamba za meli, na mwenye karakana angemngoja hadi mwisho wa Mei. Baada ya hapo angemchukua mwingine.

"Huyo binti wa Jaji je?" akauliza. "Si alikuwepo?"

Zilpah alitazama nyuma. Kwenye dirisha la juu pazia lilitikisika.

"Alikuwepo," akasema.

Thankful aliyasikia hayo yote. Akarudi kitandani kwake akakaa. Zilpah ndiye aliyemsuka nywele tangu mama yake alipokufa. Naye Thankful ndiye aliyemfundisha Zilpah kusoma, kwa siri, jikoni, kwa kutumia hotuba ya Jaji iliyopigwa chapa kwa kuwa ndiyo karatasi iliyokuwa nyingi nyumbani. Walikuwa na vichekesho vyao kuhusu mashemasi. Kwenye baridi kali walilala kitanda kimoja, miguu imegusana. Mtu mwingine wa kuzungumza naye hakuwa naye. Alijizoeza kusema lile neno, Jumatano, mbele ya kioo, na mara zote lilitoka vizuri.

Mwezi wa Mei Zilpah alipeleka malalamiko yake kwa hakimu wa mji, Obadiah Pruitt. Hakimu aliandika hati ya kumwita Jaji, akamtuma karani. Karani alifika getini, akaitazama theluji, akairudisha hati mfukoni. Hati ya mahakama haipelekwi kwa mtu siku ya Jumapili. Sheria hiyo nayo ilikuwa ya Jaji.

"Mwambie Obadiah," Jaji alimwita karani kutoka barazani, "sitaki aonekane mbaya. Kwa hiari yangu nitakaa getini kwangu, yeye akae upande wake. Tutaongea kama majirani."

Ndivyo ilivyokuwa. Waliweka meza katikati ya geti, miguu miwili kwenye theluji na miwili kwenye nyasi. Jaji alikaa na koti zito na Biblia ya familia mapajani. Hakimu alikaa kwa pili akifukuza nzi. Watu walileta viti vyao. Zilpah alisimama kando ya meza, kwenye mstari wenyewe ambapo theluji inaishia, na Thankful alisimama nyuma ya baba yake.

Hakimu aliisoma Biblia, akaipitisha mikononi mwa watu, ikarudi.

"Imeandikwa wazi," akasema. "Ishirini na tisa. Zilpah, unasema ni uongo?"

"Nasema mama yangu aliniambia tarehe tatu Machi, Bwana Hakimu."

"Mama yako amekufa."

"Ndiyo. Alikufa akisema hivyohivyo."

Watu walinong'ona. Ndipo akainuka Gershom Tuttle, shemasi mzee, mwenye miaka themanini na mbili, amebeba furushi la almanaka zilizofungwa kamba. Alikuwa mtu wa kutotupa kitu. Kila almanaka aliyowahi kununua alikuwa nayo, na pembeni ameandika siku ng'ombe alipozaa, siku aliyopanda viazi, siku aliyogombana na mtu.

"Eliphalet," akasema, "nyumba yako ina Jumapili tangu majira ya baridi. Nimejiuliza, kwa nini Jumapili? Mwaka huu Februari iliisha Jumanne, na baada ya Jumanne inakuja Jumatano, hata mtoto anajua. Nikaenda kutazama ya mwaka 1784." Akafunua, akaweka kidole. "Ishirini na tisa Februari ya mwaka ule ilikuwa Jumapili."

"Na iwe," Jaji akasema.

"Subiri kwanza. Wa rika letu wote wanamkumbuka Mchungaji Hallam. Aliamini mtoto akizaliwa Jumapili basi na mimba yake iliingia Jumapili, yaani wazazi waliivunja Sabato. Mtoto wa Jumapili hakumbatizi. Alimkatalia mwanangu Enos, mimi nikiwa shemasi wake! Mke wangu alilia mwezi mzima. Sasa hiki hapa kitabu cha kanisa." Akakitoa ndani ya koti. "Tarehe saba Machi, 1784: *Nimembatiza Zilpah, mtoto wa Violet.* Bila neno. Bila kukemea mtu. Mzee yule angembatiza mtoto wa mtumwa aliyezaliwa Jumapili, amwache wangu?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Enos, basi leo umefaa kitu," wakacheka, na Enos Tuttle, mtu mzima mwenye upara, akamwambia afunge mdomo.

Jaji hakucheka. Alikuwa mtu makini maisha yake yote. Usiku ule wa zamani alichagua tarehe iliyo karibu na mpaka wa sheria lakini kabla yake, na siku ya wiki hakuiangalia.

"Haya," hakimu akasema polepole. "Basi hakuzaliwa Jumapili. Lakini hiyo hainiambii alizaliwa lini. Akiwa wa Jumamosi, au wa Jumatatu ya tarehe mosi, sheria haimgusi. Akiwa wa Jumanne na kuendelea, ni huru."

"Na hata hivyo, Obadiah," Jaji akaongeza kwa upole, "kwangu tarehe tatu Machi haijafika. Tazama mwenyewe."

Hakimu alitazama theluji. Ilikuwa hoja ambayo hakuipenda, lakini akaiandika. Kisha akainua kichwa.

"Nani mwingine alikuwepo usiku ule na yu hai?"

Zilpah hakuonyesha kwa kidole. Aligeuza uso tu.

"Bibi Thankful," hakimu akasema. "Sogea hapa, tafadhali. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Ilibidi arudie ili asikike.

"Ilikuwa siku gani?"

Baba yake hakugeuka kumtazama. Alikuwa akipangusa chembe za theluji juu ya Biblia. Thankful aliona kisogo chake, na kola ambayo Zilpah aliifua jana, kwa kuwa kufua nako kulikwisha kuwa kazi ya lazima na ya huruma. Akamwona Sharper kwa upande wa nyasi, kofia mkononi, furushi la safari begani, amelileta kabisa. Aliona jinsi watakavyokwenda wawili hao barabarani, na chungu chao kimoja kikitoa mvuke mezani, na yeye amebaki akimsomea baba yake almanaka.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Sikumbuki."

Hakimu alingoja, kama mtu aliyegonga mlango na kusikia hatua ndani. Hakuna aliyefungua. Akakunja karatasi.

"Basi kitabu kinabaki kilivyo," akasema.

Watu walibeba viti vyao. Shemasi Tuttle alizifunga almanaka zake akichelewa na fundo. Zilpah aliinua upande wa meza uliokuwa nyasini, akauingiza ndani, akafunga geti.

Sharper alikwenda Providence siku ya mwisho ya Mei. Alisema atatuma neno. Alituma kipande cha kamba, kazi yake ya kwanza, na Zilpah akaifunga kiunoni juu ya aproni.

Tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa nchi, mji wa Haddow ulikuja getini. Desturi ilikuwa Jaji awahutubie kanisani, lakini Jumapili hasafiri, kwa hiyo mabenchi yaliletwa barabarani. Watoto walikula cheri nyeusi na kutupa mbegu ndani ya theluji waone zinavyozama. Jaji alisimama upande wake, ndevu zimefika kifuani, akaanza hotuba ileile ya mwaka 1784, ya kuitetea sheria, na waliokuwa wakiijua walitikisa midomo pamoja naye.

Jikoni Zilpah alikuwa akikata maharagwe ya baridi yaliyogandamana kama jibini. Thankful alikuwa ameketi juu ya gogo. Sauti ya Jaji iliingia kupitia ufa wa mlango, nzuri, haijazeeka.

"Ilikuwa Jumatano," Thankful akasema.

Kisu hakikusimama. "Najua."

"Mimi ndiye niliyeshika mshumaa."

"Najua, Bi Thankful. Mama aliniambia. Alisema uliushika vizuri, hukutikisika."

"Kama ulijua, mbona hukusema getini kwamba ninajua?"

"Nani angenisikiliza? Nilikuwa nakungoja wewe." Zilpah aliweka kipande kwenye sahani. "Hakimu yuko nje sasa hivi. Amekaa benchi la mbele, nimemwona anakula cheri. Nenda kamwambie."

Thankful akainuka. Alifika mlangoni, akashika kitasa. Nje watu walipiga makofi, Jaji akangoja watulie.

"Nilimwogopa Baba," akasema, mgongo umegeuka.

"Hapana. Siku ile hukumwogopa. Nilikuwa nakutazama."

"Niliona aibu, mbele ya watu wote wale. Unajua nilivyo."

"Najua ulivyo. Sema nyingine."

"Zilpah, nilikuwa na miaka tisa, mtu husahau..."

"Wewe!" Kisu sasa kilisimama. "Ukinidanganya na humu jikoni, utabaki na nani?"

Kitasa kilikuwa cha chuma na kilimuuma Thankful kwa baridi, lakini hakukiachia, wala hakukigeuza. Makofi yalikwisha. Jaji akaendelea na hotuba.

"Sikusahau," Thankful akasema, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sauti yake ilijaza chumba. "Ukiwa huru utaondoka, na mimi nitabaki naye peke yangu. Sitaki uondoke. Hiyo ndiyo sababu, Zilpah, sina nyingine, na hata sasa hivi siufungui huu mlango."